Aliambiwa "Tapu", Akasikia "Tapa"

Wiki hii hakuna mapishi. Najua niliahidi urojo, na urojo utakuja inshaallah, lakini leo nina hasira, na mie nikipika na hasira chakula hakiliki.

Wengi wenu mnajua kwamba tangu Mfunguo Mosi niko bara, Kimara, kwa kaka yangu. Binti yake yuko kidato cha pili na skuli yake iko mjini. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anashuka bonde, anapanda kilima cha pili, ndipo afike Kimara Mwisho kwenye kituo cha mwendokasi. Anayeijua Kimara anajua ninachosema: vilima na mabonde, vichochoro kati ya ukuta na ukuta, mvua ikinyesha unateleza mpaka mlangoni kwa mtu. Mwezi uliopita jirani yetu, mama wa watu anayeuza maandazi, alipigwa roba kwenye njia hiyo hiyo. Mlioko Unguja ambao hamlijui neno hili la Dar, roba ni mkono unaotoka nyuma gizani na kukukaba koo, mwenzake mwizi anakupekua. Alizimia. Alipozinduka simu hakuna, pesa za unga hakuna. Alhamdulillahi yuko hai.

Kaka yangu akaamua binti ajifunze kujiokoa. Kuna darasa la jujitsu ya Kibrazili kila Jumamosi kwa wanawake na wasichana peke yao, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na Barabara ya Morogoro. Nikaenda kulikagua mwenyewe, maana mie ndiye shangazi. Mwalimu mwanamke, mapazia madirishani, wasichana wamevaa mikono mirefu na suruali pana, wenye ushungi wana ushungi. Nikaridhika. Nikakaa kwenye benchi na tasbihi yangu.

Jumamosi ya kwanza nilicheka. Mwalimu anasema "gadi", anasema "maunti", anasema "swipu", anasema "shirimpu". Wasichana wanatazamana. Mmoja aliyekaa karibu nami aliuliza kwa sauti ya chini, "Kasema mauti?" Ndiyo, alisikia mauti. Alikuwa amelala chini, mwenzake kamkalia kifuani, na mwalimu juu yake anatangaza mauti. Nikacheka mpaka nikapotea hesabu ya tasbihi.

Jumamosi ya pili sikucheka. Mtoto wetu alikuwa amelazwa chali. Mwenzake ameubana mkono wake katikati ya mapaja, ameukumbatia kifuani, kiwiko kimeegemea juu ya nyonga. Ukiwa umeshikwa hivyo, mwenzako akiinua nyonga kidogo tu, kiwiko kinakwenda upande ambao Mola hakukiumbia kwenda. Mwalimu akaona mkono umenyooka, akapiga kelele: "Tapu! Tapu!"

Alitaka mtoto agonge. Katika mchezo huu, kugonga mwili wa mwenzako au godoro kwa kiganja ni kusema basi, niachie, umeshinda. Ndiyo amana kubwa kuliko zote humo ndani. Lakini mtoto wetu hakuwa anajua "tapu" ni nini. Alisikia "tapa, tapa". Na kwa Kiswahili, mtu akikwambia tapatapa, unafanya nini? Akatapatapa. Kwa nguvu zake zote, kwa utiifu wote tuliomlea nao. Mwenzake, mtoto naye, akadhani bado anapigana, akaongeza.

Mlio ule ninausikia mpaka leo.

Hakuvunjika. Daktari alisema nyuzi za kiwiko zimevutika, mkono ukatiwa kitanzi wiki tatu. Kwenye bajaji tukirudi nikamuuliza, "Kwa nini hukusema unaumia?" Akanambia, "Shangazi, nilidhani ndiyo somo lenyewe. Nikavumilia."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na wala si na mtoto.

Nilirudi kwa mwalimu kwa adabu zote. Si mtu mbaya. Alilia kuliko mie. Lakini nilipomuuliza kwa nini hakuwaambia kwa Kiswahili, alinijibu jibu ambalo baadaye nimelisikia kwa walimu wengine wa michezo, wa mazoezi ya viungo, mpaka wa ushoni: "Dada, haya ndiyo maneno ya kimataifa. Dunia nzima wanayatumia."

Dunia ipi? Hebu tuitazame. Mchezo huu ulitoka Japani. Mjapani Mitsuyo Maeda alifika Brazili mwaka 1914, na huko katika mji wa Belém akamfundisha kijana Carlos Gracie. Kwa Carlos, mdogo wake Hélio na ukoo wao ndipo ulipopata umbo la Kibrazili. Je, Wabrazili waliendelea kuita kila kitu kwa Kijapani? Thubutu. Roba ya nyuma, ambayo Wajapani wanaiita hadaka jime, wao waliipa jina mata leão, muua simba. Kumgeuza mtu aliye juu yako ukawa wewe juu, wakakuita raspagem, yaani kukwangua, kama unavyokwangua ukoko wa wali. Wanaosema Kiingereza walipoupokea hawakuona haja ya kukwangua, wao wakasema kufagia. Kila mmoja alitazama nyumbani kwake, akachukua neno alilolikuta, akaendelea na mazoezi. Sie peke yetu ndio tuliosimama mlangoni kusubiri ruhusa.

Na msije mkanambia Kiswahili hakina maneno. Mpira wa miguu uliletwa na Waingereza. Leo kijana akiuinua mpira ukapita juu ya kichwa cha beki ukaangukia nyuma yake, amempiga kanzu. Ukipita katikati ya miguu, tobo. Chenga, danadana, kuotea. Hakuna kamati iliyokaa, hakuna aliyeandika barua BAKITA wala BAKIZA. Watoto waliona kitu, wakakiita. Na nchi hii wazee wasiojua neno moja la Kiingereza wanabishana kuhusu kuotea mpaka adhana ya Isha.

Tena kwa kupigana ndiyo kabisa, lugha yetu imejaa. Mieleka tunayo tangu enzi. Ukimkata mtu miguu akaanguka, umempiga mtama au ngwala. Mwalimu wetu alitafuta neno la Kiingereza kwa jambo hilo dakika nzima, na wasichana wote walikuwa wanalijua tangu darasa la kwanza. Kukaba tunako. Kabali tunayo. Roba, kwa bahati mbaya, tunayo sana.

Na hapa nikae kidogo, maana roba ndiyo iliyotuleta. Kwa Kiingereza mbano ule umepewa jina ambalo ukilitafsiri neno kwa neno linakuwa "kabali ya uchi ya nyuma". Mwalimu, masikini, alipobanwa na maswali alilitafsiri hivyo hivyo mbele ya mabinti wa Kiislamu. Astaghfirullah, ukumbi mzima uliinamisha vichwa. Maana yake halisi haina uchi wowote. Wajapani walitaka kusema mbano huu hautumii nguo. Kuna mibano mingine ya kumkaba mtu kwa ukosi wa koti lake, huu ni mkono mtupu. Basi. Angewaambia "leo tunajifunza kutoka kwenye roba", kila msichana pale angesimama wima, maana kila mmoja ana mama, shangazi au jirani aliyewahi kupigwa. Roba ikibana mishipa ya damu ya pande zote mbili za shingo, fahamu zinaweza kukutoka ndani ya sekunde kumi hivi. Katika sekunde hizo mtoto ainamishe kidevu, aukamate mkono wa mwizi kwa mikono yake miwili auvute chini, ageuke. Hana sekunde ya kutafsiri.

Msinielewe vibaya. Mie si yule wa kutaka kila kitu kipewe jina jipya lisilotamkika. Jujitsu iitwe jujitsu. Gi, lile vazi lao, liitwe gi. Kuna mbano unaitwa Kimura, na wasichana wetu waliamini kwa dhati kwamba umeitwa kwa ajili ya Kimara, wakajisikia vizuri sana. Ni jina la mtu, Masahiko Kimura, Mjapani, na libaki. Na tafsiri ya neno kwa neno nayo ni mtego, si kwa uchi tu. Lile "shirimpu" ni kamba, yule wa baharini, kwa sababu unajikunja na kurudi nyuma kama yeye. Mwambie mtoto wa Kimara "fanya kamba" uone kama hatakwenda kutafuta kamba ya kuanikia nguo.

Kwa hiyo tulifanya nini? Jumamosi iliyofuata nilikwenda na chupa mbili za chai ya tangawizi na kaki ya karatasi, tukakaa chini na mwalimu na wasichana wote. Nikamwambia: wewe usiseme jina. Onyesha kitu, halafu waulize wao wanakionaje.

Akalala chali, akamzungushia msichana miguu kiunoni, akaifunga visigino nyuma. Hii ndiyo "gadi". Uko chini lakini hujashindwa, miguu yako ndiyo ukuta, mwenzako hafiki kwako mpaka auvunje. Mmoja akasema ngome. Nikakumbuka Ngome Kongwe yetu pale Forodhani, nikanyamaza nisije nikaonekana nimependekeza mie. Basi ni ngome: unafunga ngome, unafungua ngome, mwenzako anavunja ngome. Sentensi tatu, na zote zimeeleweka kabla hajamaliza kuzisema.

"Maunti" ikawa kukalia. Amekukalia. Neno hili hata nje ya godoro wanawake tunalijua maana yake. Kulaliwa ubavuni kukabaki ubavuni. Kumgeuza aliye juu ni kupindua, na kisiwani kwetu tangu Januari 1964 hakuna asiyejua kupindua. Ile ya kamba tukaiita chomoa nyonga: unasukuma kwa mguu, nyonga inachomoka upande, unapata nafasi ya kupitisha goti. Wakati wanaifanya mama mmoja wa makamo akanong'ona kwamba kiuno chake hakijawahi kuhitaji mwalimu kutoka Brazili, na nikaona niendelee na mada.

Huyo huyo mama ndiye aliyenitoa machozi. Mwalimu alimdandia msichana mgongoni, miguu imezunguka tumbo, kifua kimegandama mgongoni. Ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa anayeshikwa, kwa sababu humwoni adui na roba iko karibu. Mama akatazama akasema, "Si mbeleko hiyo?" Mbeleko. Kanga tuliyobebewa wote. Sasa mwalimu akisema "usimpe mbeleko", hakuna anayeuliza swali.

Na kuna ule mbano wa miguu, shingo na mkono mmoja vikiwa ndani, miguu imefunga pembe tatu. Nilidhani watasema pembetatu, maana wanasoma hesabu. Wapi. Wote kwa pamoja: sambusa.

Kule kwenye kiwiko, sie wengine twasema kisukusuku, hawakucheka. Walisema tu kunyoosha kiwiko. Na neno la kwanza la orodha, tuliloliandika juu kabisa kwa kalamu nene, ni GONGA. Ukishindwa kugonga kwa mkono, gonga kwa mguu. Ukishindwa vyote, sema BASI. Anayesikia basi anaachia hapo hapo, asiulize kwa nini.

Kuna watakaosema, na walishanambia: mtoto akienda mashindano ya nje atafanya nini na sambusa yake? Atajifunza maneno ya huko, kama watu wote wanavyojifunza. Kwetu Zanzibar judo ilianza kufundishwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka tangu miaka ya 1990, na maneno ya mwamuzi wa judo ni ya Kijapani dunia nzima, machache tu: anza, subiri, alama kamili. Nani kasema asijifunze? Nasema asianze nayo. Mwenye kukijua kitu, jina la pili linamwingia kwa siku moja. Asiyekijua kitu, hata ukimpa majina matatu ana kelele tatu masikioni.

Wengine wataniletea dini, na hao nawakaribisha kwa mikono miwili, maana dini ndiyo inayonipa nguvu ya kusema. Katika Surat Ibrahim, aya ya 4, tunafundishwa kwamba kila mtume alipelekwa na lugha ya watu wake ili awabainishie. Kubainisha ndiyo kusudio. Ikiwa ujumbe wenyewe wa Mola ulishushwa kwa namna watu waelewe, mwalimu wa jujitsu wa Kimara amepata wapi cheo cha kutoeleweka? Na sie watu wa Unguja tuna aibu zaidi, maana Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ni wetu. Tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969, na bibi zangu ambao hawakusoma Kiarabu zaidi ya chuo cha mtaani walizijua maana kupitia kwake. Kama Kiswahili kilitosha kwa hilo, kitatosha kwa ngome na mbeleko.

Kuhusu mwanamke kushindana mieleka kwenyewe sitarefusha, nimeshaandika. Stara ikiwepo, wanaume wasiwepo, nia iwe njema. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha. Imepokewa pia kwamba alipigana mieleka na Rukana akamwangusha, ingawa wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya nguvu ya isnadi yake. Nusayba binti Kaab alisimama Uhud kumkinga Mtume kwa mwili wake. Na ndugu zetu walioko Abu Dhabi watawaambia kwamba huko jujitsu inafundishwa maskulini tangu 2008, wasichana na hijabu zao. Aliyebaki na swali aende kwa sheikh wake, mie si mufti.

Linaloniuma ni lile neno la kwenye bajaji. Nikavumilia.

Mwaka 1951, katika uwanja wa Maracanã, Hélio Gracie alipambana na yule Kimura niliyemtaja. Kimura akaupata mkono wake, akausokota nyuma. Hélio hakugonga. Mkono ukavunjika, na bado hakugonga. Ndugu yake Carlos ndiye aliyesimamisha pambano. Wapenzi wa mchezo wanaisimulia habari hii kama sifa, na mbano ukapewa jina la mshindi. Sawa. Yule alikuwa mwanamume mtu mzima, anajua kugonga ni nini, akachagua kutogonga mbele ya uwanja uliojaa.

Mtoto wetu hakuchagua. Hakuwa na neno. Na zaidi ya kukosa neno, alikuwa na lile jingine tulilompa sie wenyewe, tangu anasukwa nywele za kukaza akiwa na miaka minne: vumilia. Tumbo la mwezi, vumilia. Skuli mwalimu akichapa, vumilia. Na siku ya ndoa tutamkalisha mkekani na kungwi wake tumwambie tena. Sikatai subira, subira ni ibada na mie mwenyewe naiomba kila sala. Lakini tumeifanya kuwa jibu la kila maumivu, hata maumivu yanayoletwa na mtu ambaye angeacha mara moja lau angeambiwa. Halafu tunampeleka mtoto huyo huyo mahali ambapo usalama wake wote umo katika kusema "inatosha", na neno hilo tunampa kwa lugha ya kigeni.

Walimu, mlio Kimara, Temeke, Bububu, popote mlipotandika magodoro yenu: kabla hamjamfundisha mtoto wa kike namna ya kumkaba mtu, mfundisheni kugonga. Kwa Kiswahili. Mgongesheni yeye kwanza, mara kumi, bila sababu, mpaka mkono wake uzoee kwamba kusema basi hakuhitaji ruhusa. Na mkiona mtoto amenyamaza na mkono wake umenyooka, msipige kelele kutoka mbali. Nendeni mkautoe.

Mwalimu wetu ameanza. Sasa darasa linafunguliwa kwa duara, wasichana wawili wawili, kila mmoja anagonga mara tatu na kusema basi kwa sauti inayosikika mpaka dukani chini, na mwenye duka kashazoea. Kitanzi cha mkono kimetolewa Jumatano, na binti anarudi Jumamosi hii, bado hataruhusiwa kunyooshwa kiwiko. Jirani yetu wa maandazi naye kajiandikisha. Aliniuliza kama anaruhusiwa kuja na kanga kiunoni. Nimemwambia aje nayo, lakini avae suruali ndani.